Mlenda Usio wa Jikoni

Mtu wa Singida hahitaji mfano wa mbali ili auelewe ugonjwa huu. Afikirie mlenda. Si ule wa moto unaoteremka na ugali wa uwele, bali uliolala kwenye sufuria mpaka asubuhi: mzito, unavutika, umeganda kingoni. Ute wa namna hiyo, ila wa rangi ya njano, ndio daktari wa upasuaji anaoukuta akifungua tumbo la mtu ambaye saratani ya kidole tumbo, ile aina inayotoa ute, imeshamwenea.

Chanzo chake ni kivimbe ndani ya kidole tumbo, kile kimkia kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia. Seli zake hutoa ute bila kukoma. Kidole hujaa, hupasuka, mara nyingine bila maumivu ya kukumbukwa, na ute humwagika tumboni pamoja na seli. Tangu hapo ugonjwa hauna haraka ya kuingia kwenye damu uende mapafuni au mifupani. Hufuata mteremko, kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde. Hutuama nyongani, hunasa kwenye pazia la mafuta linalofunika matumbo, na kwa kuwa kupumua huvuta majimaji ya tumboni kwenda juu, hujibandika juu ya ini, chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Utumbo mwembamba, ambao hautulii mahali pamoja, husalimika kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu anaweza kuendelea kulima alizeti misimu kadhaa huku akiongeza tundu kwenye mkanda wa suruali.

Njiani hupewa majina mengi. Mwanamume huenda kutibiwa henia. Mwanamke huambiwa ana uvimbe kwenye ovari, na si ajabu: Mjerumani Werth, alipoupa ute huu jina la kitabibu mwaka 1884, aliuhusisha na ovari, na dhana hiyo ilidumu sana. Kwetu, tumbo likijaa, daktari hufikiria kwanza kifua kikuu cha tumbo au ini lililoharibika. Yuko sahihi, maana hayo ndiyo anayokutana nayo. Cha kumshtua ni sindano: anachoma avute maji, na maji hayaji. Ute mzito haupiti sindanoni.

Adimu kweli ni adimu. Makadirio yanayotajwa katika nchi zenye rejista kubwa za saratani ni wagonjwa 1 hadi 2 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Singida kuwa zaidi ya milioni 2. Kwa kiwango hicho, mkoa mzima ungepata wagonjwa wawili hadi wanne kwa mwaka. Daktari anaweza kustaafu Kiomboi asiwahi kumwona hata mmoja. Isitoshe, zamani hata kidole tumbo cha kawaida hakikusumbua sana vijijini. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kuhusu uhaba huo na kuuhusisha na nyuzinyuzi za vyakula vya Waafrika. (Asije mtu akasema uwele unakinga saratani, Burkitt alikuwa anazungumzia kidole tumbo kinachovimba na kuoza, basi.) Leo operesheni ya kukitoa ni ya kawaida, na katika kila vidole tumbo 100 vinavyotolewa, takriban 1 hukutwa na uvimbe wa aina fulani.

Kwa maoni yangu, tiba huanzia hapo, kwenye kile kilichokatwa. Kinapaswa kuingia kwenye kopo lenye fomalini na kwenda maabara ya patholojia, si kwenye ndoo ya taka. Gharama ya kipimo cha kinyama huwatia watu uvivu, nami naelewa. Lakini bila jibu hilo, kila kinachofuata ni kubahatisha.

Jibu hutenganisha magonjwa mawili yanayofanana kwa macho. Kuna ute wenye seli chache, zinazokua polepole. Huo dawa za saratani za kwenye mishipa karibu haziugusi. Unatolewa kwa kisu. Na kuna ule wenye seli kali, zikiwemo zile zenye umbo la pete, ambao hupenya viungo na kufika kwenye tezi. Huyu mgonjwa mara nyingi hupewa dawa zilezile za saratani ya utumbo mpana, kabla au baada ya upasuaji.

Upasuaji wenyewe ni wa saa nyingi, nane, kumi au zaidi. Kuuchota ute na kufunga hakutoshi, kwani sufuria iliyochotwa mlenda bila kusuguliwa bado ina mlenda. Mpasuaji hubandua utando wa ndani ya tumbo palipoathirika, huondoa pazia la mafuta, na ikibidi wengu, ovari au kipande cha utumbo, mpaka kisibaki kinachozidi milimita 2.5. Kisha baadhi ya vituo huzungusha tumboni dawa, mara nyingi mitomaisini, yenye joto la nyuzi 41 hadi 42, kwa dakika 60 hadi 90. Dawa hiyo hupenya milimita chache tu, hivyo haiwezi kufidia uzembe wa kisu. Njia hii ilienezwa na Paul Sugarbaker wa Washington. Mwaka 2012 vituo 16 vilichapisha matokeo ya wagonjwa 2,298 waliotibiwa hivyo: asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka 10. Asilimia 2 waliuawa na matibabu yenyewe. Lakini utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2021, juu ya saratani ya utumbo mpana iliyosambaa tumboni, haukuona kwamba kuongeza dawa ya moto kulirefusha maisha kuliko upasuaji mzuri peke yake. Ni saratani nyingine na dawa nyingine. Hata hivyo mimi ningeuliza kwanza juu ya mkono wa mpasuaji, kisha juu ya mashine.

Kwa mgonjwa wa Ikungi au Mkalama, rufaa huenda Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, kama kilomita 240 kutoka Singida mjini, au Bugando, Mwanza, au mpaka Muhimbili na Ocean Road, takriban kilomita 700. Asiondoke na barua peke yake. Aombe picha za CT-Scan, na pia kile kipande cha nta ambamo maabara imehifadhi kinyama chake. Nta hiyo hudumu miaka, na mtaalamu mwingine anaweza kuikata upya akaisoma mwenyewe. Si mzigo, inaingia kwenye mfuko wa shati.