Michezo Inayofanana na Bingo: Tuchague Ile Inayotukusanya



Katika mkutano wa tawi letu hapa Jinja lilizuka swali ambalo halikuwa katika ajenda. Ndugu mmoja wa idara ya kufuma alisimama akasema: "Ndugu Mwenyekiti, tumechoka na bingo. Kila mwisho wa mwezi ni bingo tu. Tutafutieni mchezo mwingine unaofanana nayo."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kwamba baadhi ya vijana wetu wamekwisha kujitafutia wenyewe. Wameupata katika vibanda vya mashine za kamari, na siku ya tatu baada ya mshahara wanakuja kwangu kuomba mkopo wa unga. Kamati ilinipa kazi ya kulitazama jambo hili. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tujiulize, utamu wa bingo uko wapi? Kila mtu ana kadi yake. Mwitaji hutoa namba moja moja, na namba ile ile ni ya wote. Katika bao, au omweso kama tunavyouita hapa Uganda, fundi humshinda mgeni kila siku, na mgeni huona haya kukaa. Katika bingo mfagiaji na msimamizi wana bahati sawa. Tena wote huanza pamoja na kumaliza pamoja. Basi mchezo unaofanana na bingo ni ule wenye mambo matatu: sauti moja, bahati sawa, na watu kukaa pamoja.

Mchezo wa kwanza ni tombola ya Italia. Husimuliwa kwamba ulianza mjini Napoli mwaka 1734, pale Mfalme Carlo na padre mmoja, Gregorio Rocco, walipogombana juu ya bahati nasibu ya serikali. Wakapatana isimamishwe wiki ya Krismasi. Watu wakajitengenezea mchezo wao nyumbani. Namba ni 90, huchanganywa ndani ya kikapu. Kadi ina namba 15 katika mistari mitatu. Uzuri wake ni kwamba zawadi ni nyingi: anayepata namba mbili katika mstari mmoja hupata kidogo, wa tatu huongezewa, wa nne na wa tano vivyo hivyo, na anayejaza kadi nzima hupata kubwa. Kwa hiyo watu wengi hurudi nyumbani na kitu. Tena kila namba ina jina. 33 ni miaka ya Yesu, 48 ni maiti anayesema, 90 ni hofu. Nasi tunaweza kuzipa namba majina yetu ya kiwandani.

Mchezo wa pili ni lotería ya Mexico. Huu hauna namba, una picha. Karata ni 54, na kila ubao una picha 16, nne kwa nne. Kuna jogoo, jua, mwezi, mtumbwi. Mwitaji hataji picha waziwazi, bali huisema kwa fumbo, na wachezaji huweka punje ya haragwe juu ya picha.

Ndugu zangu, huu ni mchezo wetu kabisa! Nani kati yetu hakulelewa na vitendawili? Mwitaji anasema "Kitendawili!", ukumbi mzima unaitika "Tega!" "Huwaamsha wafanyakazi, mshahara hapati." Jogoo! "Mlinzi halali, wala haombi likizo." Kufuli! Vijana wawili wanaojua kuchora walitutengenezea mbao 40 kwa makaratasi ya maboksi.

Tuliujaribu mwisho wa mwezi uliopita. Mama mmoja wa usafi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuchukua kadi ya bingo kwa sababu hasomi namba, alishinda kilo mbili za sukari. Alisimama akaonyesha ubao wake kwa watu wote, akakataa kuketi.

Sasa nizungumze juu ya keno na mashine. Keno huonekana kama ndugu wa bingo. Namba ni 80, nawe huchagua zako, kisha hutolewa 20. Lakini malipo yamepangwa na mwenye nyumba kabla hujatoa shilingi, na yamepangwa ili yeye abaki na faida. Mashine ni hivyo hivyo, na zaidi ya hayo huchezwa peke yake, mchana na usiku, bila mtu wa kukuambia "Ndugu, inatosha." Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza kucheza kamari mtu aliye chini ya miaka 25. Viongozi wa matawi wawaambie vijana jambo hilo bila kuwatukana.

Tazameni tofauti ya hesabu. Watu 40 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja, ni 40,000. Sisi tunanunua sukari, sabuni na mafuta kwa 30,000, na 10,000 inaingia mfuko wa misiba. Mtu hatoi zaidi ya kadi moja, na mweka hazina anasoma hesabu hadharani kabla watu hawajatawanyika. Tawi linalotaka kuanza liulize kwanza ofisi ya wilaya juu ya kibali, tusije tukaingia makosani kwa jambo jema.

Sisemi vibanda vimekosa wateja. Kati ya vijana watano ninaowajua, wawili walikuja ukumbini jioni ile. Mmoja ndiye aliyechora jogoo. Watatu bado hawajaja, na mwezi huu nitawapitia nyumbani mmoja mmoja kabla ya siku ya mshahara.

Umoja ni nguvu.