Vita vya Israeli na Moabu: Kila upande na simulizi yake

Moabu, nchi iliyokuwa mashariki mwa Bahari ya Chumvi, katika Jordan ya leo, iliwahi kutawaliwa na Israeli. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 3, chaeleza kuwa Mfalme Mesha alitozwa wana-kondoo 100,000 na sufu ya kondoo dume 100,000. Ahabu alipofariki, Mesha aliasi.

Yoramu wa Israeli, Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu waliungana kumkabili. Walibomoa miji na kuziba visima. Alipozidiwa, Mesha alimtoa kifunguamimba wake kuwa sadaka ya kuteketezwa juu ya ukuta. Biblia yataja ghadhabu kuu iliyowapata Waisraeli, bila kusema ni ya nani, nao wakarejea kwao.

Mnamo 1868, jiwe lenye maandishi ya Mesha mwenyewe lilijulikana kwa wageni kutoka Ulaya huko Dhiban. Humo akiri kwamba Omri, babake Ahabu, aliitesa Moabu kwa sababu mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha ajigamba kwa kuiteka miji ya Israeli. Kuhusu wale wafalme watatu, kimya.

Jiwe hilo, lililovunjwa vipande na kuungwa tena, limehifadhiwa katika makavazi ya Louvre, Paris. Pande zote mbili zakubaliana kwamba Moabu ilitozwa nira, ikaivunja. Zatofautiana kuhusu aliyestahili sifa.