Wasichana Hawana Wapinzani?

Majuzi nilikuwa kituoni Birongo nikisubiri gari la kwenda Kisii, pamoja na mwalimu wa michezo ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi. Mazungumzo yetu yaliishia kwenye mashindano, kama ilivyo desturi ya walimu, na mwenzangu akauliza ni msururu upi wa ushindi ulio mkubwa kuliko yote katika michezo ya Kenya. Mwanafunzi mmoja aliyesimama karibu nasi alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, ni ule wa viunzi vya wanaume," akasema. Nilipomtajia Faith Kipyegon, alitabasamu kwa adabu. "Huyo ni hodari, lakini wanawake hawana wapinzani."

Sikumlaumu kijana, kwani kauli hiyo ameisikia vinywani mwetu sisi watu wazima. Isitoshe, ushahidi anao. Mwaka 1968 jijini Mexico City, katika Olimpiki ile ile ambayo Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza, Amos Biwott alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Tangu siku hiyo hadi Rio mwaka 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya haikuisusia, dhahabu ya mbio hizo ilichukuliwa na Mkenya. Ni dhahabu 11. Msururu huo ulikatwa Tokyo mwaka 2021 na Soufiane El Bakkali wa Moroko.

Kipyegon anazo 3 za mita 1,500: za mwaka 2016, 2021 na 2024. Lakini zile 11 ziligawanywa kwa wanaume 10, ambapo hizi 3 ni za miguu miwili tu. Katikati yake, mwaka 2018, mama huyo alijifungua mtoto, akarudi uwanjani. Kabla yake hakuna mwanadamu, mume wala mke, aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara 3 katika Olimpiki.

Tuje sasa kwenye suala la wapinzani. Mbio za viunzi za wanawake zimekimbiwa katika Olimpiki 5, na dhahabu zake zimekwenda Urusi, Tunisia, Bahrain, Uganda, kisha Bahrain tena. Kenya haijapata hata moja, ingawa Ruth Jebet na Winfred Yavi, walioishindia Bahrain, ni wazaliwa wa Kenya. Ni wapi basi palipokosekana upinzani? Ikiwa uhaba wa wapinzani hupunguza thamani ya ushindi, hesabu ingeanzia kwa wanaume, ambao walitawala mbio zao kwa karibu nusu karne. Lakini hilo hatulisemi. Kwa wanaume tunaliita ushujaa.

Wamarekani nao wana ugonjwa huu. Wanaume wa chuo kikuu cha UCLA walishinda michezo 88 mfululizo ya mpira wa vikapu kati ya 1971 na 1974. Wanawake wa chuo kikuu cha Connecticut walishinda 111 kati ya 2014 na 2017. Mara wakaambiwa kwamba walicheza na timu dhaifu. Waliosema hivyo walisahau kwamba enzi za UCLA mashindano ya taifa ya vyuo yalikuwa ya timu 25 tu; wanawake wa mwaka 2017 walishindana wakiwa timu 64.

Mimi mwenyewe si msafi. Katika shule moja niliyofundisha, wasichana walisubiri wavulana waondoke uwanjani ndipo wakapewa mpira ulioishiwa upepo. Waliposhinda, tulisema eneo letu halina timu. Wavulana waliposhinda katika eneo lilo hilo, tuliwachinjia mbuzi, na nyama yake niliila.

Gari lilipotokea, yule kijana alikuwa bado anafikiri. Akaniuliza ni lini hasa wanawake waliruhusiwa kuruka viunzi katika Olimpiki. Nikamwambia ilikuwa Beijing, mwaka 2008, miaka 40 baada ya Biwott.

"Elfu mbili na nane?" akasema. "Mwalimu, huo ndio mwaka niliozaliwa."