Somo la TEHAMA katika shule za sekondari za Karatu na Ngorongoro

Somo la TEHAMA (kifupi cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano) ni somo la shule za sekondari nchini Tanzania. Humfundisha mwanafunzi kutumia kompyuta, kutunza na kuchambua taarifa, na kuwasiliana kwa njia ya mtandao. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoa wa Arusha, somo hili linahusiana moja kwa moja na kazi za wakazi: utalii, kilimo na ufugaji.

Historia

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Zuio hilo lililegezwa baadaye, na katika miaka ya 1990 ukaandaliwa muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, ikafuatwa mwaka 2007 na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Katika mitaala mipya ya mwaka 2023 somo hili linaitwa Sayansi ya Kompyuta. Ni somo la kuchagua, si la lazima.

Yanayofundishwa

Mwanafunzi hujifunza sehemu za kompyuta, mfumo endeshi, uandishi wa nyaraka, majedwali ya hesabu, hifadhidata, misingi ya kuandika programu, na matumizi salama ya intaneti. Hapa huingia pia sheria za nchi, kama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mtihani una sehemu mbili: nadharia na vitendo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri kazi za kibodi na kipanya bila kuvishika bado hajajifunza somo lenyewe.

Changamoto

Ya kwanza ni vifaa. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 50 lenye kompyuta 10. Kila kompyuta hutumiwa na wanafunzi 5. Vipindi viwili vya dakika 40 vikiunganishwa, kila mmoja hupata dakika 16 tu. Umeme ukikatika, hata hizo hupotea.

Ya pili ni mtandao. Mawimbi ya simu huzuiwa na milima, na nchi ya huko ni ya miinuko, mabonde na kreta. Aidha, Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ni eneo ambamo watu na wanyamapori huishi pamoja, na vijiji vyake viko mbalimbali.

Ya tatu ni lugha. Watoto wengi wa Karatu huzungumza Kiiraqw nyumbani, na wengi wa Ngorongoro Kimaasai. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi hukutana na istilahi za kompyuta katika lugha yake ya tatu. Programu za Kiswahili si jambo geni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili.

Njia za kujifunza penye uhaba

Darasa linaweza kugawanywa makundi: kundi moja likiwa kwenye kompyuta, jingine huandika hatua za kazi kwenye daftari kabla ya zamu yake. Paneli za sola hutosha kuendesha kompyuta mpakato chache, kwa kuwa hizo hutumia umeme kidogo kuliko kompyuta za mezani. Pasipo mtandao, programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta.

Mazoezi yanayotokana na mazingira hueleweka upesi. Mwanafunzi wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, anaweza kuandaa jedwali la gharama za kilimo cha vitunguu: mbegu, maji, vibarua na usafiri, kisha akaona bei ya gunia inayoanza kuleta faida. Wa Endulen anaweza kutunza hifadhidata ya mifugo na tarehe za chanjo. Wa Karatu mjini, penye hoteli za watalii waendao kreta, anaweza kujifunza kupanga nafasi za wageni.

Kwa njia hiyo hata dakika 16 humwachia mwanafunzi ujuzi wa kupeleka nyumbani.