Premio au X-Trail kwa biashara ya mtandaoni? Nenda yadi na katoni lako

Wadau, swali hili limekuja tena wiki hii, na safari hii nimeona nilijibu kwa urefu. Dada mmoja anauza madera, mabegi ya shule na vyombo vya jikoni. Amechoka kulipa bajaji na kirikuu kila siku, amejichanga, sasa ana hela ya gari moja tu. Achukue Premio au X-Trail? Mume anasema X-Trail, "kwa sababu ni kubwa". Hela yenyewe ni ile ile ambayo ingenunua mzigo wa miezi kadhaa, kwa hiyo tusijibu kwa kutazama gari kwa macho.

Tuanze na hilo neno "kubwa". Premio ya toleo lililoanza 2007 ina urefu wa karibu mita 4.6. X-Trail ya toleo lililoanza mwaka huo huo nayo ina karibu mita 4.6. Ziegeshe ubavu kwa ubavu, pua na mkia vinalingana. Upana, Premio ina sentimita 169.5, X-Trail kama 179. Kimo, Premio 147.5, X-Trail karibu 170. Kwa hiyo tofauti yote unayoiona ni sentimita tisa au kumi za upana na ishirini na kitu za kwenda juu. Basi.

(Hiyo 169.5 ya Premio haikuja kwa bahati. Japani gari ikizidi upana wa mita 1.7, au urefu wa mita 4.7, inatoka kwenye daraja la magari madogo. Ndiyo maana sedani nyingi za kule zimebanwa hapo hapo kwenye mstari.)

Sasa, zile sentimita ishirini za juu haziji zote kwa mzigo wako. X-Trail imenyanyuliwa kama sentimita 20 kutoka ardhini, Premio kama 15 au 16, kwa hiyo kipande kimeliwa na hewa chini ya gari. Halafu sakafu ya nyuma ya gari ya juu ipo karibu na kiuno chako, sentimita 70 na kitu kutoka chini. Toa hizo, toa unene wa paa, kinachobaki ndani ni kama sentimita 85 hadi 90. Na mlango wenyewe wa nyuma huwa mfupi kuliko hapo ndani. Friji dogo la mlango mmoja lenye kimo cha sentimita 85 unaweza kulifikisha mlangoni likagoma kuingia limesimama, wakati kwa nje gari inaonekana inameza kabati.

Kwa hiyo X-Trail inashinda wapi? Kwenye umbo. Sedani ina vyumba vitatu: cha injini, cha watu, cha mzigo. Kile cha mzigo kimefungwa pande zote, na mlango wake unafunguka kwa juu. Gari ya juu ina viwili tu. Watu na mzigo wanakaa chumba kimoja, ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu moja ndefu hadi nyuma ya dereva.

Na hapa ndipo watu wanadanganywa na lita. Muuzaji atakwambia buti ya sedani hii ina lita karibu mia tano, na inawezekana ni kweli kabisa. Lakini njia moja inayotumika sana kupima ni kujaza buti kwa vibao vidogo vya lita moja moja, sentimita 20 kwa 10 kwa 5. Vibao hivyo vinaingia kwenye kila kona, juu ya matairi, hadi kule ndani kabisa nyuma ya kiti. Wewe huuzi vibao. Una katoni la 60 kwa 40 kwa 40, ambalo ni lita 96. Kwa hesabu ya karatasi yanaingia matano. Kwa kweli, kwenye buti nyingi za sedani yataingia mawili au matatu, na hilo la mwisho utalisukuma kwa goti. Tatizo ni mdomo: buti kubwa, mlango mwembamba. Halafu zile bawaba zilizopinda kama shingo ya bata, ukifunga zinashuka ndani ya buti na kukandamiza kilichopo. Kama ni sahani za udongo, umezisikia.

X-Trail ukilaza viti, tuseme unapata sakafu ya mita moja na nusu kwa mita moja, na kimo cha 85. Katoni lile lile: manne chini, manne juu yake, na pembeni unajaza viroba vya nguo. Hapo hakuna ubishi.

Lakini nguo zenyewe ni habari nyingine. Madera, mitandio, mashuka, mabegi ambayo hayajajazwa, vyote vinakunjika, na kitu kinachokunjika kinafanya kazi ya vile vibao, kinaingia kwenye kona. Kwa muuzaji wa nguo, buti ya Premio ni karibu na lita zake za kwenye karatasi, bado kiti cha nyuma hujakigusa.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui: nafasi si uzito. Kwenye karatasi za gari iliyotoka Japani kuna uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Tofauti ya hizo mbili kwa gari ya abiria ni idadi ya watu mara kilo 55. Gari ya watu watano, kilo 275. Premio ni 275. X-Trail ya viti vitano ni 275. Zote sawa! Toa dereva na kijana wa kushusha, unabaki na kama kilo 145, yaani mabelo matatu ya kilo 45. Nafasi kubwa inakushawishi uongeze la nne na la tano, na springi za nyuma ndizo zitakazokulipia.

Na X-Trail yenyewe ni nzito. Ina karibu kilo 1,500, Premio karibu 1,200. Hizo kilo 300 za ziada ni kama kuzunguka mji kila siku na mabelo sita ambayo hakuna mteja aliyeyaagiza, na mafuta unalipa wewe. Injini pia: Premio utapata ya 1500, 1800 au 2000, X-Trail ya toleo hilo inaanzia 2000. Ukubwa wa injini unaingia kwenye kodi, kwa hiyo kabla ya kuagiza pitia kikokotoo cha TRA mtandaoni uone namba yako mwenyewe.

Mambo mawili ya mtaani. Kwenye foleni, mzigo ulio kwenye buti ya sedani hauonekani. Kwenye gari ya juu uko nyuma ya kioo, kila anayepita anausoma. Nunua pazia lake, au beba shuka jeusi. Na katoni likipita juu ya mgongo wa kiti, ukikanyaga breki ghafla linakuja kichwani kwako, lifunge kamba. Ila kama wateja wako wako Kivule, Goba ndani au Chanika, mvua ikinyesha zile sentimita nne tano za chini zina thamani kuliko maneno yangu yote.

Kwa dada yetu: aangalie oda za miezi mitatu iliyopita. Kama nyingi ni madera na mabegi, Premio, na siku ya vyombo vingi aite kirikuu. Kama vyombo ndivyo vinamlisha, X-Trail, na mafuta ayaweke kwenye bei ya kupeleka mzigo kuanzia siku ya kwanza.

Yadi uende na vitu viwili: futi ya fundi na katoni tupu la mzigo unaouza zaidi. Pima mdomo wa buti sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, si ndani. Pima kati ya matairi, si ukuta kwa ukuta. Laza viti mwenyewe uone kama vinalala kweli au vinabaki na mwinuko. Ingiza katoni, funga mlango hadi mwisho. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya katoni tupu, yadi ziko nyingi.