Punda anachechemea na daktari yuko mbali? Picha za kwato zinavyosaidia

Kwa familia nyingi za Mazinde wilayani Korogwe, punda ndiye bodaboda ya mizigo. Anabeba maji, kuni na mahindi. Akianza kuchechemea, madumu yanarudi kichwani kwa mama na watoto.

Afisa mifugo naye ana vijiji vingi vya kuzunguka. Hapo ndipo simu janja inaingia. Ulaya na Marekani, wenye farasi hutuma picha za kwato kwa wataalamu walio mbali. Kwa punda pia inawezekana, ila picha mbaya humpotosha daktari.

Kwato inasema nini?

Kwato hukua kama kucha. Punda anayetembea kwenye mawe huisaga mwenyewe. Anayefungwa sana kwenye ardhi laini, ncha hurefuka mpaka ikapinda kwenda juu. Kwa kawaida hushauriwa ikaguliwe na kupunguzwa kila wiki 6 hadi 10.

Asili ya punda ni nchi kavu, na kwato yake hunyonya unyevu kuliko ya farasi. Masika, zizi likijaa tope, kwato hulainika, huoza na hata kutunga usaha.

Tena punda ni mvumilivu. Anaweza kuwa na maumivu makali na bado akala. Mpaka achecheme, mara nyingi tatizo limeshakomaa.

Namna ya kupiga

1. Kwato isafishwe kwa brashi na maji kidogo, kisha ikauke. Tope huficha nyufa.

2. Punda asimame mahali pagumu na tambarare, uzito ukiwa kwenye miguu yote minne. Nyasi hazifai.

3. Simu ishushwe karibu na ardhi, usawa wa kwato. Kosa la wengi ni kupiga wakiwa wamesimama, na umbo la kwato linapotea.

4. Kila mguu upate picha nne: mbele, ubavuni, nyuma, na chini mguu ukiwa umeinuliwa. Jumla ni 16. Ya ubavuni ifike juu ya kifundo, maana daktari hutazama kama kwato na mguu vinafuata mstari mmoja.

5. Kikaratasi kiandikwe "mbele kulia" au "nyuma kushoto", rula ikae pembeni. Bila hivyo, picha 16 zinakuwa fumbo.

6. Iongezwe video fupi ya punda akitembea, kutoka ubavuni, kisha akienda na kurudi.

Asante ya punda ni mateke. Mtu mmoja ashike kamba, na mpiga picha asichuchumae nyuma yake moja kwa moja. Picha ya nyuma ipigwe kwa mbali kidogo, kisha ikuzwe. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, kwa hiyo ni bora kuzituma kama dokumenti, hata kama zinakula bando.

Kinachokosekana kwenye picha

Picha haina harufu ya kuoza. Haina joto la kwato, wala haionyeshi punda anaposhtuka akibonyezwa. Kwa hiyo inamsaidia daktari kujua nani aanze kutembelewa na nini kifanyike wakati anasubiriwa. Haitoshi kwenda duka la dawa za mifugo na kununua sindano kwa kubahatisha.

Kuna hali ambazo hazisubiri picha 16. Punda asiyekanyaga kabisa, aliyelala na hainuki, au aliyechomwa na msumari, apigiwe simu daktari saa hiyohiyo.

Msumari usiharakishwe kung'olewa. Ipigwe picha moja kwanza, kwa sababu ukitoka tundu hujifunga na daktari hajui ulielekea wapi. Kidonda kama hicho kinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaowashambulia punda na farasi kwa urahisi.

Kwa nini ni muhimu sasa

Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliunga mkono kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, biashara iliyopunguza punda katika nchi kadhaa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwa mfugaji wa Mazinde, hatua ya kwanza ni ndogo: kupiga picha punda akiwa mzima. Siku akichechemea, daktari atakuwa na cha kulinganisha.