Darjeeling: Likizo Wakati Chai Imelala

Mfanyakazi wa shamba akipata likizo, mara nyingi huitumia kulima. Hupanda basi kwenda kwao, jembe linamngoja mlangoni, na akirudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Nasi ndivyo tulivyofanya kwa miaka yote ya ndoa yetu. Safari hii tulifanya vingine. Shemeji yetu anasoma Kolkata, huko India, na kwa miaka miwili hakuacha kutuambia kwamba tukimtembelea wakati wa baridi atatupeleka kwenye vilima vya chai vilivyo chini ya milima ya Himalaya. Tukaweka akiba kidogo kidogo katika chama chetu cha akiba na mikopo, ndugu wakatucheka, na Desemba tukafunga safari: sisi wawili na watoto wetu wawili.

Tunawaletea habari hizi kwa sababu huko tulikokwenda si ugenini sana kwa wasomaji wa gazeti hili. Mama watoto alizaliwa katika laini za shamba la chai karibu na Fort Portal, na mama yake alichuma majani mpaka mgongo ukakataa. Tulikwenda kupumzika, na kwa hakika tulipumzika. Lakini mtoto wa mchumaji akikaa katikati ya chai hawezi kutazama mandhari tu.

Kutoka Kolkata tulilala katika garimoshi usiku kucha hadi New Jalpaiguri, kwenye tambarare. Hapo ndipo barabara inapoanza kupanda, na sambamba nayo reli ndogo maarufu, iliyofunguliwa mwaka 1881. Upana wake ni futi 2 tu. Mtoto huivuka kwa hatua moja. Sisi tulipanda jipu hadi mji wa Kurseong, kisha tukateremka kwa miguu njia ya shambani, mizigo kichwani, watoto wakishangaa kuona pumzi zao zikitoka kama moshi. Masweta tuliyokuwa nayo yalikuwa mzaha. Siku ya pili tulinunua mengine sokoni.

NYUMBANI KWA MCHUMAJI

Hatukufikia hotelini. Katika baadhi ya mashamba ya Darjeeling jamaa za wafanyakazi hupokea wageni katika chumba cha akiba, na shemeji alitutafutia nyumba ya namna hiyo: kuta za mbao zilizopakwa rangi ya buluu, paa la bati, vyungu vya maua ukingoni mwa baraza. Mwenyeji wetu ni mchumaji. Sote tulimwita didi, yaani dada mkubwa, naye akamwita mama watoto mdogo wake tangu dakika ya kwanza. Watoto waliambiwa wamwite mama mkubwa, kwa maana kwa Kinepali nako dada mkubwa wa mama huitwa hivyo hivyo. Jambo jingine liliwafurahisha zaidi. Mdogo, mwenye miaka minane, aliomba "chai" kwa Kiswahili chake, na kikombe kikaja. Neno ni moja, kule na huku.

Tulikuwa hatuna ratiba. Asubuhi tulilala mpaka saa tatu, chini ya mablanketi mazito na chupa ya maji ya moto miguuni. Kisha tulikaa barazani kwenye jua, tukimenya machenza, ambayo huiva majira hayo hayo, na kutazama bonde. Mchana wali na dengu, au momo, ambazo ni nyama iliyofungwa katika unga na kupikwa kwa mvuke. Watoto walicheza mpira na wenzao wa jirani, kwani shule za vilimani hufunga wakati wa baridi. Walipewa kutafuna kipande cha jibini kavu la kule, gumu kama jiwe. Kipande kimoja hukaa kinywani saa nzima. Tulipata amani kubwa kwa jibini hilo.

Tulipokuwa tunalala mpaka saa tatu, didi alikuwa shambani tangu mapema.

Hapa inafaa tueleze, maana mfanyakazi wa chai wa kwetu atashangaa. Chai ya Darjeeling hulala. Mwishoni mwa Novemba uchumaji hukoma, na hauanzi tena mpaka mwisho wa Februari au Machi. Si baridi peke yake inayosababisha hivyo. Mchana ukipungua chini ya saa 11 na robo hivi, chipukizi la mchai hujifunga na kungoja. Kwetu kwenye ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo chai ya Fort Portal na ya Kericho hailali, na mchumaji wake haambiwi apumzike kwa sababu mti umepumzika. Mama watoto aliposikia hayo alisema angalau hawa wana miezi mitatu. Didi alitafsiriwa, akacheka sana. Mchai unalala, alisema, mfanyakazi halali.

Wakati huo ndio wa kupogoa. Wanaume kwa wanawake hushuka mitelemko mikali wakiwa na visu, wakakata matawi mpaka kichaka kinabaki kama mkono mkavu. Mifereji husafishwa, na kiwandani mashine hufunguliwa na kutengenezwa. Vibarua wa msimu ndio wasiokuwa na kazi kabisa mpaka Machi. Asubuhi moja mama watoto aliomba kufuatana na didi. Aliazimwa kisu, akakata safu moja, mistari ikanyooka, na wanawake wa kule wakaja kumshika mikono na kuitazama. Walimwonyesha vikapu vyao pia. Kwetu kikapu huvaliwa mabegani. Kule uzito wote huning'inia kwenye mkanda unaopita kwenye paji la uso. Alirudi saa sita akiwa na furaha na malengelenge mawili, akasema likizo yake imekamilika.

Ujira wao si wa kilo kama wa kwetu. Hulipwa kwa siku, na kuna kiasi cha majani kinachotakiwa. Mwaka 2023 ujira katika jimbo la West Bengal uliwekwa kuwa rupia 250 kwa siku. Chumba chetu pamoja na chakula cha watu wote kiligharimu rupia 3,000 kwa siku, yaani ujira wa siku 12. Tulipopiga hesabu hiyo barazani tulinyamaza kidogo. Na mwaka 2014 chai ya shamba moja la wilaya ile iliuzwa kwa dola 1,850 kilo moja. Didi mwenyewe hunywa chai ya tambarare, ya unga mweusi, kwa maziwa na sukari. Ile nzuri huenda Ulaya na Japani, kama vile yetu nzuri inavyoshuka Mombasa mnadani.

Tulimwuliza kuhusu likizo. Sheria ya mashamba ya mwaka 1951 ilimpa mfanyakazi siku moja ya likizo yenye malipo kwa kila siku 20 alizofanya kazi. Sheria hiyo imekwisha kuunganishwa katika sheria mpya za kazi za India zilizoanza kutumika Novemba 2025. Siku zake, alisema, huishia kwenye misiba, arusi na kusubiri hospitalini. Kwenda mahali kulala tu mpaka saa tatu, bila mgonjwa wala maiti, hajawahi. Hakuyasema kwa kutulaumu. Alitumiminia chai tena.

NYUMBA NA KAZI

Didi ana binti wa miaka kumi na tisa aliyemaliza shule na anayejua Kiingereza. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu kila jioni kando ya karai la makaa. Usiku wa tatu mazungumzo yaligeuka, na ikawa binti anatafsiri maneno ya mama yake yanayomhusu yeye mwenyewe.

Nyumba ile ilijengwa na babu wa mume wa didi. Vizazi vitatu wamezaliwa ndani yake; kile chumba tulicholala waliongeza wenyewe kwa akiba yao. Lakini ardhi ni ya serikali, shamba limeikodi, na wao hawana hati. Wanakaa kwa sababu mtu mmoja wa nyumba hiyo anafanya kazi shambani. Mume alikwenda kufanya ulinzi mjini Delhi miaka mingi iliyopita. Didi amebakiza miaka miwili kustaafu. Kwa desturi kazi yake itapewa mtu wa jamaa yake, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila binti. Naye amekwisha kupata rafiki zake Bengaluru wanaofanya kazi hotelini na madukani, wanaopata kwa mwezi fedha ambazo mama yake hazipati kwa miezi miwili.

Binti aliyatafsiri yote hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kututajia bei ya machenza. Mama watoto alimwuliza, wewe unataka nini? Hakutafsiri swali hilo. Alijibu mwenyewe kwa Kiingereza kwamba hataki kikapu, na wala hataki mama yake afukuzwe.

Jambo la hati si la nyumba moja. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitoa mpango wa kuwagawia wafanyakazi wa chai desimali 5 za ardhi, sawa na kama mita za mraba 200. Vilimani watu wengi waliupinga, wakisema wanataka hati ya kile wanachokikalia tangu mababu, si kipande kilichopimwa upya. Wakati huo huo utalii unazidi. Siasa ya mwaka 2019 iliruhusu mashamba kutumia asilimia 15 ya ardhi yao, isipite ekari 150, kwa mahoteli na biashara nyingine. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kuipandisha mpaka asilimia 30. Didi haogopi wageni, wageni ndio wanaomlipia paa. Anachoogopa ni hoteli kubwa itakayosimama pale chini penye michai mizee, kwa sababu hoteli hiyo haitahitaji chumba chake, na huenda ikahitaji mahali kilipo.

Wana vyama vyao, na hawajalala. Septemba 2024 walidai bonasi ya asilimia 20 ya sikukuu, wakaambiwa 13, na tarehe 30 vilima vyote vikafungwa kwa saa 12.

Siku moja tulipanda garimoshi dogo kutoka Kurseong hadi Darjeeling. Ni safari ya saa tatu hivi, polepole, moshi wa majiko ya watu ukiingia madirishani. Mahali pengine reli inapita karibu na maduka hata ungeweza kununua sabuni bila kushuka. Binti alikuja nasi. Njiani alituonyesha upande lilipo shamba la Margaret's Hope. Tarehe 25 Juni 1955 wafanyakazi wa huko waliandamana kudai nyongeza ya ujira, bonasi na haki za uzazi, na kukomeshwa kwa desturi ya meneja kumfukuza mtu kazini na nyumbani kwa neno moja. Polisi wakapiga risasi, wakaua. Kila mwaka tarehe hiyo wanakumbukwa. Alisema walifundishwa habari hiyo nyumbani, si shuleni.

Kituo cha Ghum kiko juu mita 2,258, na hapo ukungu ulifunguka ghafla. Kangchenjunga ilisimama mbele yetu, mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Mama watoto amekua akiitazama theluji ya Ruwenzori, na mlima ule una mita 5,109. Alikaa kimya, kisha akasema hii imezidi. Watoto walipendezwa zaidi na bustani ya wanyama ya Darjeeling, yenye chui wa theluji na panda wekundu. Jirani yake ni chuo cha kupanda milima kilichoanzishwa mwaka 1954, ambako Tenzing Norgay alikuwa mkufunzi mkuu. Huyu ndiye aliyefika kilele cha Everest pamoja na Hillary mwaka 1953. Alianza kama mpagazi, mwaka 1935, kama wale wa Kilimanjaro. Tulimsimulia mtoto wetu mkubwa habari hiyo mara mbili kwa sababu tuliipenda sisi.

Siku ya kuondoka tuliamka alfajiri kwa mara ya kwanza. Hata hivyo didi alikuwa amekwisha kwenda kupogoa. Alikuwa ameacha mezani mfuko wa machenza na paketi ya ile chai nzuri, mgawo wake mwenyewe. Binti alitusindikiza mpaka barabarani, akabeba begi la mdogo, akaandika anwani ya mama watoto katika simu yake.

Mwezi Machi tulipata ujumbe. Mvua ya kwanza imenyesha, michai imechipua, didi anachuma, na wageni wengine wapo katika chumba chetu. Habari za binti hazikuandikwa. Mama watoto ameuliza mara mbili.